Kabichi za Zambarau za Bi Léocadie

Léocadie Trumelet alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mrefu, mwenye mabega mapana kama ya mbeba magunia, na katika kijiji chote cha Vaubrun hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwambia kwamba kabichi zake zina kasoro. Marehemu mumewe aliwahi kusema hivyo mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na majirani wanasema alikula mkate mkavu mpaka Pasaka.

Shamba lake lilianzia nyuma ya zizi la ng'ombe likateremka taratibu hadi ukingoni mwa mto Oise. Alilima vitunguu, karoti na viazi kidogo, lakini jina lake katika soko la Pontoise lilitokana na kabichi za majira ya baridi, zile nene zenye majani ya makunyanzi, ambazo hazikolei utamu mpaka zipigwe na jalidi, ule umande unaoganda alfajiri kwa baridi kali. Hapo ndipo palipokuwa na jambo. Jalidi ikishazipiga, majani ya nje hubadilika rangi. Huanza kwenye mishipa, kisha rangi hupanda mpaka kwenye ncha, na kufikia Januari kabichi hukaa pale chini kama shavu la mtu aliyepigwa ngumi: zambarau, bluu, na wekundu kwa mbali.

Kabichi yenyewe haina ubaya wowote. Lakini wake wa makarani wa Pontoise na wapishi wa mapadri walikuwa wameamua zamani kwamba zambarau ni dalili ya kuoza, na hakuna aliyeweza kuwatoa hapo. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri wanawake wa Vaubrun walikaa vizingitini mwao wakabandua majani ya nje, moja baada ya jingine, mpaka kabichi ikabaki kijani na safi. Majani yaliyobanduliwa walipewa sungura. Sungura wa Vaubrun walikuwa wanene kuliko wote wa bonde lile, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kwa nini. Wanawake wenyewe hawakulizungumza. Haikuwa siri hasa, ilikuwa adabu.

Miaka michache baada ya vita na Waprusi, mwezi wa Novemba, alifika kijijini mtu aitwaye Évariste Maugendre. Alikuwa mwembamba, mwenye ndevu za rangi ya kutu na mafua yasiyokwisha, na alipanga chumba kwa Bwana Bellavoine mwenye mkahawa. Mgongoni alibeba sanduku, mwavuli mkubwa mweupe, na miguu mitatu ya mbao inayokunjwa. Watu walidhani ni mpima ardhi wa reli, wakamsalimu kwa heshima zote. Walipojua kuwa ni mchoraji, salamu zikapungua.

Léocadie alikutana naye asubuhi moja ya Januari, kabla kengele ya kanisa haijalia. Alikuwa ameinama anakata kabichi kwa kisu chake kirefu. Alipoinua kichwa akaona mwavuli mweupe umeota katikati ya mistari yake kama uyoga.

"Wewe! Unatafuta nini kwenye kabichi zangu?"

"Mwanga, mama," sauti ikajibu kutoka chini ya mwavuli.

"Ulikuangukia hapa?"

"Unaanguka kila mahali, ndiyo shida yangu. Tafadhali, inama tena kama ulivyokuwa."

"Niiname?"

"Hivyo hivyo, kama unakata. Na usizungumze sana. Ukizungumza unatoa mvuke, na mvuke unanibadilishia rangi."

Tangu azaliwe, Léocadie hakuwahi kuambiwa na mtu ainame, seuze anyamaze, tena ndani ya shamba lake mwenyewe. Alitafuta tusi la kufaa akakosa, maana yote aliyoyajua yalikuwa ya watu wenye akili timamu. Na kabichi zilikuwa zinamngoja.

"Nainama kwa ajili ya kabichi," akasema. "Si kwa ajili yako."

"Kabichi zinatosha," akajibu Maugendre, akapiga chafya.

Alirudi asubuhi tisa mfululizo. Baridi ilikuwa kali mpaka rangi zikagandia ndani ya vibomba vyake vya bati, akawa anavibana kwapani ili vilainike, viwili huku na viwili kule, huku mkono ukichora. Kutoka mbali alifanana na kuku anayejaribu kuruka. Siku ya nne Léocadie alimletea tofali la moto lililofungwa kwenye kitambaa, akaliweka miguuni pake bila kumtazama.

"Usidhani nakuonea huruma," akasema. "Sitaki tu mtu anifie kwenye mistari wakati wa kuvuna."

Kila alipotaka kuona kinachochorwa, Maugendre aligeuza picha. "Bado, mama, bado." Naye Léocadie hakusisitiza. Alikuwa na hakika kwamba mtu anayetazama kabichi zake kwa siku tisa hawezi kutoa kitu kibaya.

Jumapili wachoraji wenzake wawili walikuja kwa treni kutoka Paris, wakala na kubishana naye mkahawani kutwa nzima. Mmoja alikuwa Pascaud, mtu wa tumbo kubwa aliyechora mashua tu. Wa pili alikuwa Bi Sidonie Villard, msichana aliyevaa koti la kaka yake, ambaye mama yake aliamini kwamba kila Jumapili anakwenda kujifunza kinanda. Léocadie aliingia kumletea Bellavoine kabichi za jikoni akawakuta wanapiga meza ngumi.

"Nyeusi haipo!" Pascaud alikuwa anasema. "Mimi kibomba changu cha rangi nyeusi nimekitupa mtoni wiki iliyopita."

"Kumbe ni wewe," akasema Bellavoine kutoka nyuma ya kaunta. "Nilikuwa nashangaa mikunga ya mtoni ina ladha gani hii."

"Kivuli si cheusi," Bi Sidonie akaongeza. "Kivuli kina rangi zake, ila watu hawatazami."

Léocadie akatua kikapu. Alikuwa na gauni lake la ujane, alilolivaa kila Jumapili tangu mazishi. "Samahani nikiuliza," akasema. "Na hili gauni langu ni rangi gani?"

Wote watatu wakainuka. Wakamzunguka wakiwa wamekunja macho kama wanunuzi wa farasi.

"Bluu," akasema Pascaud.

"Zambarau," akasema Maugendre. "Zambarau iliyoiva."

"Na kijani begani," akasema Bi Sidonie, "pale dirisha linapopiga."

Léocadie aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Yaani miaka sita yote hii," akasema polepole, "namlilia Trumelet kwa gauni la kijani?"

Bellavoine alicheka mpaka akalazimika kushika pipa. Jioni ile kijiji kizima kilijua, na kwa mwezi mzima watu walimuuliza Léocadie kama ameshamaliza eda ya kijani au anaanza ya zambarau.

Hayo aliyamudu. Kilichomshinda kilitokea sokoni.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, soko limejaa. Maugendre alikuwa anakwenda kupanda treni ya Paris na picha yake. Rangi ilikuwa haijakauka, kwa hiyo aliibeba mgongoni, uso wa picha ukiangalia nje, akakata katikati ya soko upesi upesi huku akipiga chafya. Hakuwaza chochote. Lakini mgongo wake ulipita mbele ya kila meza, na kila meza ikaona.

Meza ya Léocadie iligusana na ya Euphrasie Quesnel, naye alikuwa mkulima wa kabichi wa Vaubrun, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Walikuwa wanagombana kwa miaka ishirini bila kukosa Jumamosi, isipokuwa wakati wa vita.

"Léocadie, shoga yangu," Euphrasie akaita kwa sauti ya kuwafikia hata wauza samaki, "lile si shamba lako? Mbona nauona mpeasi wako, ule mti wa kona?"

Léocadie alikodoa macho. Ulikuwa ni mpeasi wake.

"Na yule aliyeinama ni nani? Aproni naijua. Na kwa kweli, hata kile kisichofunikwa na aproni nakijua."

Soko likaangua kicheko. Kwa siku tisa mchoraji yule alikuwa amekaa nyuma yake, na kwa nyuma ndivyo alivyomchora: mgongo, makalio, na nusu ya kofia.

"Lakini mwenzangu," Euphrasie akaendelea, na hapo akavuka mpaka, "kabichi zako mbona zina rangi ya mvinyo?"

Yeye mwenyewe alikuwa amebandua majani usiku wa kuamkia siku ile mpaka vidole vikamuuma. Lakini wateja hawakulijua hilo. Mpishi wa padri, aliyekuwa ameshika kabichi ya Léocadie mkononi, aliigeuza, akainusa, akaitazama chini kwenye shina.

"Ziko hivyo shambani?" akauliza.

"Hizi? Wewe unaziona zikoje?"

"Naziona kijani," akasema mpishi. "Ila yule bwana kaziona huko shambani kwenyewe." Akairudisha mezani taratibu, akavuta hatua mbili, akanunua kwa Euphrasie.

Wiki tatu zilizofuata Léocadie alirudi nyumbani na mkokoteni umejaa. Sungura wakanenepa zaidi. Maugendre aliporudi kutoka Paris kuchukua nguo zake, alimkuta amesimama mlangoni mwa mkahawa, na kabichi kijani mkononi.

"Bwana Maugendre, hiki nini?"

"Kabichi."

"Rangi gani?"

"Hapa mlangoni? Kijani, na manjano kidogo upande huu, na ukitazama vizuri chini ya—"

"Kijani inatosha. Nenda ukazipake zote kijani."

Maugendre alitoka nje, akavuka njia, akaingia uani kwa Léocadie kama mtu aliyeingia kwake, akanyoosha mkono kwenye kibanda cha sungura na kuvuta jani lililotafunwa nusu. Akaliinua juani. Lilikuwa zambarau kama joho la askofu.

"Na hili ni la kabichi ya nani?"

"Hilo ni la sungura," akasema Léocadie.

"Bi Trumelet."

"Wao ndio wanakula."

"Bi Trumelet, mimi sikuongeza kitu. Nimechora kilichokuwepo."

"Ndiyo ubaya wenyewe!" Léocadie akapaza sauti. "Ungekuwa mwongo ningekusamehe! Mwongo tungemcheka, tukamaliza. Wewe umekwenda kusema kweli mbele ya mpishi wa padri!"

Mchoraji alikuna ndevu. Alikuwa mtu mwema, na jambo lile lilimsumbua. "Naweza kukutoa wewe," akasema. "Nikakufuta, nikaweka kabichi tatu mahali pako."

Léocadie alifikiri. "Hapana," akasema mwishowe. "Shamba bila mwenyewe? Watasema nimezitelekeza." Akamnyang'anya lile jani, akampa sungura, akaingia ndani na kubamiza mlango.

Mwezi wa Aprili Bellavoine alimwita mkahawani. Alikuwa na gazeti la Paris. Wachoraji waliokuwa wanakataliwa kila mwaka na majaji wa maonyesho ya serikali walikuwa wamekodi nyumba yao wenyewe mjini na kutundika picha zao, na watu walikuwa wanamiminika kwenda kuzicheka. Picha ya Maugendre ilikuwemo.

"Wameandika juu yake," akasema Bellavoine. "Nisome, au tuache?"

"Soma."

"'Bwana Maugendre anatuonyesha shamba lililomwagikiwa pipa la wino, na katikati yake gunia la viazi lililovalishwa aproni.'"

Bellavoine akashusha gazeti.

"Gunia," akasema Léocadie.

"La viazi," akasema Bellavoine, ambaye alipenda mambo yawe kamili.

"Viazi," akarudia Léocadie, na ilionekana kwamba hapo ndipo palipomuuma zaidi. Gazeti lingesema kabichi, labda angevumilia.

Kesho yake alivaa gauni la ujane, akachagua kabichi moja kati ya zile za mwisho zilizosalia shambani, akaibandua mpaka ikang'aa, akaitia kikapuni na kupanda treni ya asubuhi. Nia yake ilikuwa wazi. Angesimama mbele ya picha ile, aonyeshe kabichi yake ya kijani, na awaambie watu wa Paris kwamba mwenye shamba ni yeye na kwamba mchoraji yule ana ugonjwa wa macho. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo mbele ya ng'ombe.

Mlangoni mtu wa tiketi alitazama kikapu. "Na hiyo?"

"Ushahidi," akasema Léocadie, akapita.

Ndani kulikuwa na joto, manukato na vicheko. Watu walitoka picha moja kwenda nyingine kama wanaotazama wanyama kwenye vizimba. Katika kona ya chumba cha pili, nyuma ya mmea mkubwa wa kwenye chungu, walijificha Maugendre, Pascaud na Bi Sidonie, ambao kila siku walikuja kusikiliza matusi ya siku hiyo.

"Yule si mama wa Vaubrun?" Pascaud akanong'ona.

"Ndiye," akasema Maugendre, akabadilika rangi.

"Ana kabichi."

"Naiona."

"Unadhani atairusha?"

"Ana mkono wenye nguvu," akasema Maugendre. "Bora airushe kwangu kuliko kwenye picha."

Léocadie aliwatoa watu njiani kwa viwiko mpaka pua yake ikakaribia kugusa picha. Hakuona chochote. Aliona madoa, mabonge na michirizi, kana kwamba jogoo amekanyaga rangi kisha akafukuzwa. Huyu ndiye mimi? akajiuliza. Alikuwa anafungua mdomo aanze hotuba yake pale kundi la vijana wenye kofia ndefu lilipoingia kwa kishindo, likamsukuma nyuma, hatua moja, mbili, tano, mpaka mgongo wake ukagota kwenye ukuta wa upande wa pili.

Akainua macho, akaiona asubuhi.

Haikuwa asubuhi tu ya jumla, ilikuwa saa ile yenyewe, kabla ya kengele, jua likiwa bado nyuma ya kilima lakini mbingu imeshajua kwamba linakuja. Jalidi ilikuwa juu ya kila jani. Kabichi zilikuwa zimekaa katika ubluu wao, zimelemewa, mstari baada ya mstari mpaka mtoni, na baridi ilikuwa inapanda kutoka ardhini ikamwingia kwenye vidole palepale katika chumba kile cha joto. Na yule mwanamke aliyeinama hakuwa gunia. Alikuwa mtu ambaye kiuno kinamuuma na bado ana mistari sita. Miaka thelathini na mbili Léocadie alikuwa ndani ya saa ile, na hakuwahi hata mara moja kuwa nje yake ili aitazame. Kumbe ilikuwa hivi, akawaza.

Mbele yake, bwana mmoja mwenye fimbo ya kichwa cha fedha alikuwa anawaelekeza wanawake wawili. "Tazameni," alisema. "Ni wazi huyu mtu hajawahi kuona kabichi. Au ameiona akiwa amelewa."

"Wewe!" Léocadie akasema.

Bwana akageuka.

"Wewe umewahi kuwa kwenye kabichi, mwezi wa Januari, kabla jua halijatoka?"

"Mimi? Sijawahi, bibi."

"Basi unajuaje zinavyoonekana huko, na wewe saa hizo umelala na kofia ya usiku? Kabichi za baridi ziko hivyo! Jalidi ikizipiga ziko hivyo hasa! Pale kwenye mshipa kaweka wekundu, unauona? Usisogee karibu, rudi hapa nilipo mimi! Haya. Unauona? Ndivyo ulivyo!"

Vicheko vikapungua kidogo. Watu wakaanza kukusanyika, maana mwanamke mwenye kikapu alikuwa anavutia kuliko picha.

"Na wewe ni nani?" akauliza bwana wa fimbo.

"Mimi ndiye gunia la viazi."

Hapo chumba kililipuka. Lakini bwana wa fimbo alikuwa amekwisha kuona kitu, akachungulia kikapuni kwa furaha kubwa.

"Samahani, bibi. Hicho ulichobeba, si kabichi?"

"Ni kabichi."

"Ya shamba lile lile?"

Léocadie aliona mtego, lakini alikuwa ameshauingia mguu mzima. "Ya shamba lile."

"Na ni kijani!" bwana akatangaza. "Mabibi na mabwana, shahidi wa upande wa utetezi ni kijani!"

Watu walicheka mpaka mtu wa tiketi akaja mbio. Léocadie alisimama na kabichi yake. Alifikiria Ijumaa zote zile, vizingiti vyote, wanawake wote wa Vaubrun, mama yake na mama wa mama yake, na ukimya wao. Kisha akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kuwaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto:

"Nimeibandua!"

Mtu wa tiketi akasimama palepale.

"Nimeibandua! Sote tunabandua! Vaubrun nzima! Ijumaa tunatoa majani ya zambarau tunawapa sungura, kwa sababu nyinyi watu wa mjini mnaogopa rangi!" Akaketi kwenye kiti cha katikati ya chumba, akaweka kabichi mapajani, akaanza kuchimba kwa kidole gumba kwenye shina. "Ngojeni. Siku zote hubaki kidogo. Ngojeni tu." Majani yakawa yanaruka huku na huku juu ya viatu vya watu. Chini kabisa, mahali kisu kisipofika, akapata mshipa mmoja mwembamba wa zambarau. Akauinua juu ya kichwa chake kwa vidole viwili.

"Hii hapa! Ni ileile! Nani ana macho mabovu sasa?"

Mmoja wa wale wanawake wawili alilichukua jani lile, akalipeleka karibu na picha, akarudi nyuma, akatazama. "Ni kweli," akasema, kwa mshangao kidogo. "Ni rangi ileile." Bwana wa fimbo aligundua kwamba ana miadi mahali pengine.

Maugendre alitoka nyuma ya mmea akitokwa na machozi, ya mafua na ya mengine. "Mama Trumelet," akaanza.

"Usiniambie kitu," akasema Léocadie, akikung'uta majani kwenye gauni. "Umenichora kwa nyuma. Hilo sijalisamehe."

Gazeti moja liliandika habari za Mwanamke wa Kabichi, pamoja na maneno yake yote, na gazeti lilifika Pontoise kabla ya Jumamosi. Wanawake wa Vaubrun hawakumsalimu. Mahali pake sokoni palikuwa na nafasi huku na huku kama pa mtu mwenye ndui. Euphrasie alihamisha meza yake hatua tatu, jambo ambalo hakulifanya hata mwaka ule Léocadie alipomwita mbuzi.

"Umetuanika," akamwambia kutoka huko mbali. "Kizazi na kizazi tumekaa kimya. Wewe umekwenda kutuanika Paris, tena kwa kupiga kelele."

"Si wewe uliyeanza? Nani alipiga kelele za mvinyo hapa hapa sokoni?"

"Mimi nilikuanika wewe," akasema Euphrasie. "Wewe umenianika mimi. Si sawa kabisa."

Majira yaliyofuata ya baridi, wapishi wawili kutoka Paris walishuka kwenye treni ya asubuhi wakaulizia kabichi za zambarau, zile ambazo hazijabanduliwa. Mabibi waliowaajiri walikuwa wamesoma gazetini kwamba tamu ndizo hizo. Léocadie hakuwa nazo. Alikuwa amebandua zote kwa mazoea. Aliyekuwa nazo ni Euphrasie. Alikuwa amezileta chini ya gunia, hazijaguswa, rundo zima, na kwa muda wa wiki nne alikuwa akizileta hivyo kimya kimya na kuzirudisha nyumbani, akingoja.

"Wewe!" akasema Léocadie.

"Mimi ni mfanyabiashara," akajibu Euphrasie, akamfungia mpishi kabichi nane. Kisha, pengine kwa sababu aliona aibu kidogo, akarudisha meza yake mahali pake pa zamani. Ijumaa za Vaubrun zikawa mapumziko, na sungura wakakonda mpaka padri akauliza kama wana ugonjwa.

Amani haikudumu. Mwaka huohuo Euphrasie alianza kuwaambia wageni kwamba mwanamke wa kwenye picha ni yeye. Léocadie alipolisikia hilo hakubishana. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, soko limejaa, alitoka mbele ya meza, akawapa watu wote mgongo, akainama.

"Linganisheni!" akasema kutoka huko chini.

Mpishi wa padri ndiye aliyempa Léocadie ushindi, baada ya kutafakari kwa muda ambao baadhi ya watu waliuona mrefu mno.

Picha haikununuliwa. Maonyesho yalipofungwa ilirudi kwa Maugendre, naye, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiweka, aliileta Vaubrun kwa toroli la Bellavoine akampa Léocadie. Jikoni kwake hapakufaa, kwa sababu ungerudi nyuma hatua nne tu ungekaa kwenye jiko. Zizi ndilo pekee lililokuwa na urefu wa kutosha. Aliitundika mwisho wa zizi, juu ya hori, na kila asubuhi baada ya kukamua alisimama mlangoni na ndoo yake akaitazama kidogo. Ng'ombe waliizoea.

Miaka ikapita. Bi Sidonie aliolewa na daktari wa meno, akaendelea kuchora. Mama yake alikufa akiamini kwamba binti yake ni mpiga kinanda mvivu asiyetaka kuonyesha kipaji. Watu waliowacheka wachoraji wale wakaanza kuwatafuta. Madalali wa picha walifika mpaka zizini, wakiinua pindo za suruali zao. Kila mmoja Léocadie alimuuliza swali moja: "Hapo kwenye picha ni saa ngapi?"

"Jioni," wa kwanza akasema, akaonyeshwa mlango.

"Mwanga wa mwezi," akasema wa pili, akafukuzwa na ufagio.

Wa tatu alikuja baada ya kimbunga cha Machi, na yeye alisema adhuhuri. Lilikuwa jibu baya kuliko yote. Lakini kimbunga kilikuwa kimeng'oa nusu ya paa la zizi, Léocadie alikuwa na miaka sabini, na ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye maji. Alimtazama dalali, akatazama mbingu kupitia pale paa lilipokuwa, akamwambia aifunge vizuri kwenye blanketi.

Maugendre alikuja kumtembelea mwezi wa Mei, ndevu sasa nyeupe, mafua yaleyale. Walikaa kwenye benchi uani, wakanywa mvinyo wa tufaha. Alitazama vigae vipya vya zizi, vilivyonunuliwa kwa pesa za picha.

"Ulisikitika kuiuza?" akauliza.

Léocadie alilifikiria swali kwa haki, maana alimheshimu.

"Sana," akasema. "Nilisikitika mpaka mvua ilipoanza kunyesha."